Redio Aliyonifungia Godbless

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Isevya, Tabora

Niliondoka hapa kwa treni tarehe 8 Januari 1973. Nimerudi kwa gari langu tarehe 15 Julai mwaka huu. Miaka hamsini na moja, miezi sita na siku saba. Misiba siihesabu. Mtu anayekuja kuzika na kesho yake akapanda treni hajarudi, amepita tu.

Leo juma la tatu niko kwa mdogo wangu Kasimiri. Nimepewa chumba cha uani, zamani kilikuwa stoo. Bado kinanuka mahindi. Shemeji Levina ananipikia vizuri, ananiwekea maji ya kuoga, na kila asubuhi ananiuliza kama nililala salama. Sina la kulalamika. Naandika hilo ili nisije nikasema sikuliandika.

Lakini sikutoka Mpwapwa kuja kulala stoo. Nimekuja kwenda Goweko. Vyumba viwili na kibaraza, kando ya kaburi la mama – basi. Mwaka mmoja baada ya mimi kupangiwa kufundisha Mpwapwa, watu wa kwetu walihamishwa. Nyumba ya baba ikaezuliwa, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara kama madawati. Baba hakuumaliza mwaka. Mama alivumilia miaka tisa, kisha akarudi palepale, akajenga, akalima, akafa. Tulimzika 1986: mimi, Kasimiri, na dada yetu Imakulata ambaye sasa yuko Usoke kwa mumewe. Mke wangu Josepha amelala kwao Mpwapwa, kati ya ndugu zake. Na mimi nataka kulala kati ya wangu. Sioni kama ni jambo kubwa.

Kasimiri anasema pale ni mahame tu, kaka, utakaa na nani. Mahame – neno zuri, nimelifundisha darasani miaka mingi. Mahali ambapo watu wamehama. Sikuwahi kufundisha kwamba maana yake ni mahali pasipo na mwenyewe.

Tutakwenda Jumapili, amesema. Kwanza nitolewe mtoto wa jicho. Keshokutwa nalazwa.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimetoka hospitali mchana. Jicho la kulia limefunguliwa. Rangi zimerudi – sikujua kwamba ukuta wa Kasimiri ni wa bluu. Nilidhani kijivu.

Gari limeoshwa. Godbless, mtoto wa Kasimiri, amesimama kando ya mlango wa dereva kama bwana harusi. Miaka thelathini na moja, ana kibanda cha simu karibu na stendi. Akanipa pole ya hospitali, akasema kuna zawadi, akafungua mlango.

Pale ilipokuwa redio sasa kuna kioo kikubwa kama sinia. Kinawaka rangi zote. Kina ramani, kina picha ya simba anayekimbia, sijui anakimbilia wapi. Godbless akaunganisha simu yake bila waya na muziki ukaruka mpaka kuku wakatawanyika. Levina alipiga makofi. Kasimiri alisimama mlangoni, ananitazama mimi, haitazami redio.

Nilisema asante. Ningesema nini? Ufunguo niliuacha mezani mwenyewe.

Nikauliza ile ya zamani iko wapi. Akacheka: ile ya Kijapani, Baba Mkubwa, hata stesheni ilikuwa haishiki. Ni kweli. Redio za huko zinaishia tisini na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Miaka kumi sikusikia taarifa ya habari ndani ya gari langu. Wala sikuikosa.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimelikagua gari kwa utaratibu, karatasi na kalamu mkononi.

Vitufe vya usukani vimekufa vyote. Spika za nyuma kimya. Nikiweka rivasi, kioo kinakuwa cheusi tii. Hili la mwisho ndilo baya. Shingo yangu haigeuki tangu nianguke ngazini mwaka 2019, na ile kamera ya nyuma ndiyo iliyokuwa shingo yangu. Njia ya kutoka hapa uani ina mtaro upande huu na ukuta wa jirani upande ule. Kwa kweli siwezi kutoka.

Na Mama Maseni hayupo.

Sijawahi kuliandika hili popote, nadhani kwa aibu. Gari tulilinunua 2014 likiwa limetoka Japani. Kila ukiliwasha, mwanamke ndani ya redio alisema maneno ya haraka haraka yanayoishia na “maseni”. Kila asubuhi. Adabu yake ilikuwa kubwa mno. Siku ya kwanza Josepha alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, “Huyu anaamkia,” na akamjibu: “Marahaba, Mama Maseni.” Miaka tisa alimjibu hivyo, kila safari, hata tukiwa tumegombana. Hasa tukiwa tumegombana – alimjibu kwa sauti zaidi ili nijue ni nani mwenye adabu ndani ya gari.

Alifariki Machi mwaka jana. Tangu hapo nilikuwa nikimwitikia mimi.

Leo nimewasha gari. Simba akakimbia.

Jumapili, 11 Agosti

Hatukwenda Goweko. Betri imelala. Jana ilikuwa nzima. Godbless alifungua boneti, akatikisa hiki na kile, akasema betri za siku hizi ni feki. Betri hii ina miezi minne.

Kasimiri: basi, Jumapili ijayo. Alilisema haraka, kama mtu anayefunga dirisha.

Jumatatu, 12 Agosti

Nilikwenda kwa miguu mpaka kwa fundi aliyefunga redio, kijana wa nyuma ya stendi. Hana neno baya. Aliniamkia, akanipa kiti. Nikamuuliza kuhusu vitufe na kamera. Akasema, mzee, redio hizi ndivyo zilivyo, ukichukua kipya kuna vya zamani unaviacha. Soketi ya kiwandani haiingiliani na mpya, kwa hiyo waliikata wakaunga nyaya kwa mkono. Nikauliza kama alimweleza Godbless. Alimweleza. Na Godbless alisemaje? Kijana akakuna kichwa. Godbless alisema haina shida, mzee mwenyewe haendi popote.

Nikauliza redio ya zamani. Aliichukua yeye, yalikuwa makubaliano yao. Iko nyumbani, ataitafuta.

Haendi popote. Nimeligeuza neno hilo njia nzima.

Jumatano, 14 Agosti

Nimempata fundi wa kweli. Arif, duka lake liko mtaa uleule ambao bibi yake Dolatbai alituuzia madaftari, na wino wa unga tuliouchanganya wenyewe. Nilipomtaja Dolatbai alivua miwani. Umri wake kama hamsini, tumbo kubwa, vidole vyembamba. Aliazima betri, akaja mwenyewe mpaka Isevya na mita yake ya kupimia umeme, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akakaa huko muda. Alipotoka akauliza:

“Mwalimu, huyu alikuwa anafunga redio au anafunga mbuzi?”

Levina alicheka mpaka akaondoka. Godbless hakucheka.

Arif akanionyesha. Waya wa umeme wa kudumu na ule unaowaka kwa ufunguo zimebadilishana nafasi, kwa hiyo redio hailali usiku kucha, ndiyo inayokunywa betri. Hilo alilirekebisha palepale. Kamera haijaunganishwa na chochote, waya wake unaning'inia – na afadhali! Kamera ya kiwandani inatumia volti sita. Wangeipa kumi na mbili za redio mpya ingeungua.

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelipenda. Gari, anasema, lilizaliwa na lugha yake. Usukani ukitaka sauti ipande unatuma ujumbe kwa njia yake, na redio ya kiwandani ilikuwa inaielewa. Hii mpya ni mgeni. Unaweza kumkalisha kwenye kiti kilekile, lakini haelewi kinachosemwa nyumbani. Lazima akae mkalimani katikati: kiboksi, si kikubwa kuliko kiberiti, na soketi inayoingia kwenye soketi ya kiwandani bila kukata kitu. Vijana hawakinunui. Wanakata, wanaacha kinachoimba, vingine vyote vinakuwa bubu.

Mji huu uliishi kwa wakalimani. Kila msafara uliotoka pwani ulipumzika hapa kwa miezi, na hakuna aliyeendelea kwenda Ujiji bila mtu wa kusema kwa niaba yake. Nilifundisha hayo kwa ramani na chaki. Sikufikiri kwamba ningeyasikia tena kutoka chini ya dashibodi.

Kiboksi kitatoka Dar. Siku kumi, labda zaidi.

Kasimiri aliposikia siku kumi uso wake ulilegea. Alimwita Levina alete soda.

Jumamosi, 17 Agosti

Redio ya zamani imepatikana. Arif aliifuata mwenyewe kwa yule kijana. Niliiona mezani kwake na moyo ukanienda mbio, mtu mzima kama mimi.

Akaiunganisha na betri. Kioo kikawaka, maandishi ya Kijapani, na vibao vya namba. Arif akashusha pumzi. Redio za namna hii zikikatiwa umeme zinadai namba ya siri. Bila namba hazifunguki. Namba ilibaki na mwenye gari wa kwanza, huko huko. Kuna watu wanaobahatisha kuzifungua, yeye ameshajaribu kwa wengine. Mara nyingi zinajifunga kabisa.

Nikamwambia kuhusu Mama Maseni. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya Dolatbai. Arif alisikiliza akitazama kidole gumba chake. Ameshughulika na magari ya Japani miaka ishirini na mitano, maneno kadhaa anayajua. Alisita. Nikamwambia sema.

“Hakuwa anaamkia, Mwalimu. Alikuwa anasema kadi haijawekwa.”

Ni kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Gari likiwashwa bila kadi, anakumbusha. “Maseni” ni kukanusha tu. Si. Haija.

Kwa hiyo miaka tisa tulimwita Mama Haija. Miaka tisa alikuwa analalamika kwamba kuna kitu kinakosekana, na mke wangu akamjibu marahaba.

Nimecheka njiani peke yangu. Baadaye haikuwa kicheko.

Alhamisi, 22 Agosti

Kiboksi bado.

Nyumba ina furaha. Kasimiri ananisimulia utoto wetu kila jioni, anakumbuka vitu ambavyo nilikuwa nimevisahau. Jana alikumbuka wimbo wa mama wa kupura uwele. Ni vizuri. Lakini nikisema Goweko, anakumbuka kitu kingine.

Nilimwambia tupande treni, tushukie stesheni, ni mwendo tu. Akasema mguu. Ni kweli ana mguu, ulipasuliwa 2017. Nikasema basi nitakwenda peke yangu. Levina akajibu kabla yake: shemeji, na hilo jicho bichi, vumbi la huko! Wote wawili wananipenda ghafla.

Godbless ananiletea filamu za kuangalia ndani ya gari. Ndani ya gari, limesimama, uani. Ananiuliza kama redio naifurahia. Ana uso mzuri, kijana huyu, haujui kuficha. Kuna kitu anataka niseme na sijui ni kitu gani.

Jumatano, 28 Agosti

Kiboksi kimefika kwa basi la jana. Leo Arif amefanya kazi kuanzia saa tatu hadi saa tisa.

Naandika kwa utaratibu, maana ni kazi iliyostahili kuandikwa. Alirudisha kila waya uliokatwa kwenye soketi yake, mmoja mmoja, akachomea kwa risasi, akafunika. Si kusokota na kufunga kwa gundi. Akaweka kifaa cha kushusha umeme wa kamera. Akaweka mkalimani. Spika za nyuma zikaamka zenyewe mara alipompa waya wake yule mkuza sauti aliyejificha chini ya kiti – miaka kumi sikujua kwamba yupo.

Halafu vitufe. Vitufe vinafundishwa. Aliniweka kwenye kiti cha dereva, akasema, “Mwalimu, kazi yako hii.” Nabonyeza cha kupandisha sauti, nashikilia, yeye anaiambia redio: hiki ndicho. Cha kushusha: hiki ndicho. Cha simu: hiki ndicho. Redio ilielewa kila kimoja kwa mara ya kwanza. Nimefundisha madarasa mabaya zaidi.

Nikaweka rivasi. Uani kwa Kasimiri kukatokea nyuma yangu, mistari ya kijani, njano na nyekundu, mtaro uko mahali pake.

Arif aliniuliza jambo dogo kabla hajaondoka. Gari limeikumbuka simu ya Godbless tangu siku ile ya kwanza, linaishika lenyewe ikiwa karibu. Afute? Nikasema aiache. Kijana alitoa zawadi, asijione amefutwa.

Kila kitu kinafanya kazi, basi. Kila mtu amesema hivyo. Nimekaa ndani ya gari jioni nikiwasha na kuzima. Hakuna anayelalamika kwamba kadi haijawekwa.

Nimewaambia: Jumapili, misa ya kwanza, halafu Goweko. Kasimiri akasema sawa. Hakusema labda, hakusema Mungu akipenda. Sawa. Nalala na hilo.

Jumapili, 1 Septemba. Goweko. Penseli, kalamu imebaki Isevya

Naanza mwanzo ili nisichanganye.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Levina alinigongea. Kasimiri amekesha na tumbo, misa haendi, wala safari. Nikasema apumzike. Nikaenda kukaa ndani ya gari. Nilikuwa na hasira na sikutaka kuionyesha mbele ya mgonjwa. Nikawasha injini ipate moto. Mkoba nilikuwa nimeuweka kiti cha nyuma tangu jana, mimi ni mtu wa kujiandaa.

Redio ikaita. Kioo kikaandika: Shangazi Usoke. Sikugusa kitu. Baadaye nilielewa: Godbless aliipokea simu yake ndani ya nyumba, na gari likaichukua sauti. Yeye kule haloo, haloo, hasikii kitu. Na dada yangu Imakulata akanijaa ndani ya gari, spika zote, za mbele na za nyuma.

Alisema haloo mara tatu. Akasema mtandao wa Usoke leo mbovu tena, Godbless, kama unanisikia wewe sikiliza tu.

Nilisikiliza tu.

Alisema amwambie baba yake ashikilie hilohilo la tumbo. Na wiki ijayo watafute lingine. Kwani si walikubaliana redio ndiyo itakayomtuliza hapo mjini, aone filamu, azoee, safari imtoke kichwani? Sasa imekuwaje redio ndiyo imeleta fundi na fundi ndiye kalifufua gari? Akacheka kidogo, dada yangu, kicheko chake cha zamani. Kisha akaacha kucheka. Nayaweka maneno yake kama alivyoyasema, maana nitayahitaji:

“Akifika pale atauliza kaburi. Kaburi gani? Pale ni bani la kukaushia tumbaku. Tulipouza shamba, baba yako mguu ulikuwa unaoza, na kaka tulimwandikia akajibu kwa pole. Hatukumwambia tunauza, ni kweli. Tungemwambia angesema subirini. Yeye alikuwa na nafasi ya kusubiri, sisi hatukuwa nayo. Mimi sina ubaya na kaka. Ila mgeni akae kama mgeni. Ale, alale, na siku yake ikifika tutamzika vizuri hapo mjini. Umenisikia?”

Nikasema, “Mm.”

Naliandika hilo pia. Nilimdanganya dada yangu kwa herufi mbili.

“Haya,” akasema. “Msalimie mgeni wenu.” Akakata.

Niliikumbuka ile pole. 2017. Niliituma kwa simu, na kiasi cha kusaidia, nikaona nimetimiza. Sikuuliza hela iliyobaki ya kumpasua wameipata wapi. Mtu asiyeuliza anaambiwa nini?

Godbless akatoka mlangoni, simu mkononi, anaitazama kana kwamba imemng'ata. Kisha akanitazama mimi, kisha kioo cha redio. Akaelewa moja baada ya jingine, nikimwona. Nikaweka rivasi. Alizunguka haraka akasimama nyuma, katikati ya mistari, kwenye njano. Nilimwona mzima, viatu hadi nywele, mikono juu. Redio hii mpya ina picha safi kuliko ile ya zamani, haki yake niipe. Nikasubiri. Alikuja dirishani.

“Baba Mkubwa, tungekwambia.”

“Ungeniambia wewe?”

Akasema yeye alitumwa tu. Lakini redio, akasema, redio aliinunua kwa moyo wake kweli, isingekuwa kwa moyo angenunua ya bei ndogo. Naamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, naamini.

Akasogea. Nikatoka uani bila kugusa mtaro wala ukuta.

Goweko nilifika saa tatu na nusu. Barabara mpya inafika karibu, halafu vumbi. Jicho halikulalamika. Njia ya reli niliivuka palepale tulipokuwa tukivuka na ndoo. Mama mmoja alikuwa anachambua mchicha nje, Apolinaria, mtu mzima kunizidi. Akasema mwangaluka, nami nikaitika mwangaluka, halafu Kinyamwezi kikaniishia. Nikaanza sentensi ya pili, haikuja. Akahamia Kiswahili kwa upole, kama anavyofanyiwa mtu wa kutoka mbali. Nilipotaja jina la mama aliacha mchicha.

Kisima kipo. Kimefukiwa nusu, lakini ukingo wa mawe ni ule ule. Daftari langu la 1986 ninalo, nilikuja nalo: kaburi liko hatua thelathini na mbili kusini mwa ukingo wa kisima, hatua zangu. Nilipima siku ile ya mazishi kwa sababu nilijua nitaondoka kesho yake. Nikasimama ukingoni, nikaanza. Apolinaria akatembea pembeni akihesabu na mimi kwa sauti ndogo.

Hatua zangu zimefupika tangu 1986. Nimeliweka hilo katika hesabu, nikazirefusha kidogo. Hatua ya ishirini na saba nilifika ukutani.

Bani la tumbaku. Matofali ya kuchoma, paa la bati, limejengwa vizuri, mistari imenyooka. Kufuli kubwa mlangoni. Msimu huu liko tupu. Hatua tano zilizobaki ziko ndani.

Apolinaria anasema mwenye bani si mtu mbaya. Aliambiwa ni shamba tupu, mahame. Alipochimba msingi akakuta kaburi, akamwita padri, wakasali, wakaacha palepale wakajenga juu. Hakuhamisha kitu. Kasimiri alikuwepo siku ya sala. Alivaa suti, anasema.

Mwenye ufunguo amekwenda mnadani Igalula. Wamempigia. Atakuja saa kumi, labda saa kumi na moja. Sasa ni saa nane kasoro. Apolinaria ameniletea uji na kiti, nimekataa kiti, niko ndani ya gari, mlango wazi. Wanaume wawili wamekuja kunitazama wakakaa mbali kidogo. Mmoja amemuuliza Apolinaria huyu ni nani. Amejibu kwa Kinyamwezi na nimeelewa neno moja tu, nalo ni jina la mama.

Kasimiri amepiga mara sita. Levina mara mbili. Godbless ameandika kwamba baba yake amekodi pikipiki, mguu uleule, yuko njiani, nimsubiri tafadhali, Baba Mkubwa. Sijui ni nani atakayefika kwanza, yeye au ufunguo. Sijui pia nikifunguliwa mlango nitaingia kufanya nini. Kuhesabu tano?

Mafuta yanatosha mpaka Itigi, njia ya kurudi Mpwapwa. Pua ya gari nimeielekeza mashariki tangu nilipoegesha. Kwa ndugu zangu Tabora sitarudi.